Usukani wa mashua uliogandishwa na kutu: mwongozo kamili wa kuutoa bila kupasua fashini

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vyombo vingi vilivutwa juu vikakaa kwenye magogo miezi mitatu. Tangu hapo naletewa kesi ileile. Mwenye mashua anataka kuutoa usukani aubadilishe mbao, na usukani haugeuki wala hautoki. Anaazima nyundo kubwa. Jioni anafika kwangu Kibirizi, Kigoma, na kipande cha bawaba kwenye mfuko wa rambo, ananiuliza kama kinaungika.

Bawaba inaungika. Shida ni fashini, ule mti wa nyuma unaoubeba usukani. Ukishapasuka, utatafuta mti mwingine uliokauka vizuri, utafungua mbao za tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na kukalafati upya (kuziba mianya ya mbao kwa pamba), na msimu utakuwa umekwisha ukiwa bado nchi kavu.

Wote hawa wanakosea jambo moja: wanavuta kitu kinachotakiwa kutikiswa. Chuma kikishika kutu hakipungui unene, kinavimba. Kutu hujaza nafasi mara mbili na zaidi ya ile ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo pini iliyokuwa ikicheza ndani ya pete sasa imekabwa pande zote. Ukivuta unapambana na kutu yote kwa mpigo mmoja. Ukitikisa unaisaga kidogokidogo, na mafuta yanapata pa kupita.

Kazi hii ni ya siku tatu, na sehemu kubwa ni kungoja. Kama unavua dagaa, zipange siku hizo wakati wa mbalamwezi, taa zinapokuwa hazivuti kitu na chombo kimepumzika hata hivyo.

Mwongozo huu ni wa usukani wa nje, unaoning'inia nyuma ya tezi kwa bawaba. Ule wenye mhimili unaopenya ndani ya chombo hushushwa kwa njia nyingine, ingawa sehemu za kulowesha na za bolti zitakufaa.

Tuelewane majina

Bawaba ina vipande viwili. Dume ni pini iliyofungwa kwenye usukani, imeelekea chini. Jike ni pete iliyofungwa kwenye fashini, ndimo dume linamokaa. Mashua ya kawaida ina jozi mbili, kubwa ina tatu. Kila kipande kina mikono miwili ya bapa inayokumbatia mbao kushoto na kulia, na bolti zinapita kutoka mkono mmoja hadi wa pili.

Kana ni mti wa kushikia na kugeuzia usukani. Kizuizi ni kidude kidogo, pini ya kukunja miguu au kibao kilichopigiliwa juu ya bawaba, kinachozuia usukani usirukie juu wimbi likiupiga kutoka chini.

Kizuizi ndicho kinachosahauliwa. Niliwahi kuwakuta vijana wawili Katonga wamepigana na usukani tangu alfajiri, mtaimbo umeshapinda, na kizuizi kipo palepale chini ya rangi za miaka mingi. Nilikwangua kwa kisu nikawaonyesha. Mmoja alicheka. Mwingine alikwenda kukaa chini ya mwembe na hakusema neno.

Vifaa

Viwe karibu vyote kabla hujaanza:

- Brashi ya waya, kisu kikuukuu, msasa mkali.
- Sumaku. Ya spika ya redio iliyokufa inatosha.
- Spana za pete zenye pembe sita: namba 13 kwa bolti ya milimita 8, 17 kwa ya 10, 19 kwa ya 12. Zile za pembe kumi na mbili hushika ncha tu za nati, na nati yenye kutu inaviringika.
- Nyundo mbili, moja ya kilo moja na nyingine nzito zaidi.
- Tindo, punchi, msumeno wa chuma na bapa zake mbili za akiba.
- Kabari nyembamba za chuma, nne.
- Jeki ya chupa ya gari na vipande vya mbao vya kuiwekea.
- Drili na keekee za milimita 3 na 5, pamoja na ile ya kumalizia utakayoijua ukifika Hatua ya 8.
- Udongo wa mfinyanzi kiganja kimoja, matambara, mifuko ya plastiki, kamba.
- Mshumaa, chaki, simu ya kupigia picha.
- Miwani ya kazi na glavu za ngozi.
- Tochi ya gesi, ndoo ya maji na ndoo ya mchanga. Hivi ni vya dharura, viweke mbali kwanza.

Mafuta ya kupenya nayaandika peke yake kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganyana. Mchanganyiko ninaouamini ni nusu asetoni na nusu ATF, yaani yale mafuta mekundu ya gia boksi ya otomatiki. ATF utaipata kwenye maduka ya vipuri Mwanga, hapa Kigoma. Asetoni ulizia kwenye maduka ya vipodozi, wanaiuza kwa kutolea rangi ya kucha. Soma chupa uhakikishe ni asetoni tupu, maana nyingine zimetiwa maji na manukato. Changanya kwenye chupa ya kioo au kopo la oili la bati. Vitu hivi viwili havipendani, vinajitenga vikitulia, kwa hiyo tikisa kila unapotaka kutia.

Asetoni inadaka moto haraka kuliko unavyofikiri, na mvuke wake unatambaa chini. Sigara isiwepo, jiko la mkaa lisiwepo. Pia inakula rangi na faiba, kwa hiyo kwenye chombo cha faiba iache kabisa.

Ukikosa asetoni, changanya dizeli sehemu mbili na ATF sehemu moja. Kopo la WD-40 nalo linafaa, ila hukauka upesi na utarudia mara nyingi. Oili chafu ni nzito, inabaki juu inang'aa na ndani pakavu. Na mawese, ndugu zangu, yaacheni jikoni. Najua yapo kila nyumba huku kwetu na najua wazee waliyatumia. Lakini yanaganda usiku ukipoa, na yakikaa ndani ya kiungo yanachacha na kuwa gundi. Nimefungua bawaba zilizopakwa mawese. Nilichokikuta humo ni kama nta ya rangi ya tope.

Kwanza ujue ni chuma gani

Weka sumaku kwenye dume, kwenye jike na kwenye kila bolti.

Ikinasa kwa nguvu na kutu ni ya kahawia, ni chuma cha kawaida. Hiki kinavumilia nyundo na moto. Ikinasa lakini juu pana ngozi ya kijivu yenye unga mweupe, kimechovywa zinki. Nyundo sawa, moto hapana. Isiponasa, au ikinasa kwa udhaifu tu, na chuma kinang'aa kama sufuria, ni stenlesi. Isiponasa kabisa na ukikwangua unaona rangi ya njano au nyekundu, ni shaba au mchanganyiko wake. Hiyo ni laini, nyundo itaipinda. Nyeupe, nyepesi, imejaa unga kama chumvi, ni aluminiamu.

Andika ulichokiona. Bolti ya stenlesi ndani ya aluminiamu, au bolti ya chuma ndani ya shaba, haikukamatwa na kutu peke yake. Vyuma viwili tofauti vikilowa pamoja, kimoja humla mwenzake, na hata maji baridi ya Tanganyika yanatosha kufanya hivyo, ingawa polepole kuliko maji ya bahari.

Hatua ya 1: Egemeza chombo na usukani

Chombo kisimame wima juu ya nchi kavu, mihimili pande zote mbili. Weka gogo chini ya usukani ukiacha nafasi ya kidole kimoja, kisha funga usukani kwa kamba kwenye tezi, kamba ilegee kidogo.

Usukani uliokwama huachia ghafla. Mbao ngumu iliyonywa maji ni nzito kuliko inavyoonekana, na mguu wako uko chini yake.

Pima urefu wa dume, halafu angalia juu ya usukani. Usukani lazima uinuke kwa urefu huo wote ndipo utoke. Kama kuna ubao au chuma kitakachouzuia juu, kitoe sasa.

Usijaribu kazi hii chombo kikiwa majini. Wimbi litakuchezea, na bolti ikidondoka hapo umemzawadia sangala.

Hatua ya 2: Toa kana na kizuizi

Piga picha kila upande kwanza. Toa kana, kisha tafuta kizuizi kwa kukwangua rangi juu ya kila jike na kwenye ncha ya chini ya kila dume. Pini ya kukunja ikikatika, itoboe kwa keekee ya milimita 3. Usipoteze nusu saa kuivuta kwa koleo.

Umefanikiwa ukiweza kupitisha kisu juu ya kila jozi bila kugonga kitu.

Hatua ya 3: Safisha mpaka uone mstari

Brashi ya waya kwenye kila bawaba, kila kichwa cha bolti, kila nati. Rangi iliyoziba mpaka kati ya dume na jike ikate kwa ncha ya kisu, kuzunguka mzima. Nyuzi za bolti zinazochungulia nje ya nati zisugue hadi zing'ae, kwa sababu nati itapita juu yake ikitoka, na uchafu ulioko nje ndio utakaoikaba.

Umalizapo unatakiwa uone mstari mwembamba mweusi pale dume linapoingia ndani ya jike. Usipouona, mafuta nayo hayatauona.

Hatua ya 4: Lowesha, ungoje

Hapa ndipo siku zinapokwenda, na hapa ndipo ninapowapoteza wengi.

Mafuta yakimiminwa kwenye bawaba iliyosimama yanateremka nje yote hadi mchangani. Kwa hiyo jenga kidimbwi. Chukua udongo wa mfinyanzi, ukande na maji kidogo mpaka uwe kama ugali mgumu, uviringishe uwe kamba nene kama kidole gumba, kisha uzungushe juu ya jike kulizunguka shina la dume. Bonyeza pembeni pasiwe na mwanya. Ndani yake jaza mafuta kina cha kucha. Udongo ukianza kupasuka kwa jua, ulowanishe kwa kidole.

Bolti zimelala, kidimbwi hakikai. Zungushia tambara lililolowa mafuta, kisha funika kwa mfuko wa plastiki na ufunge kwa kamba ili asetoni isiruke.

Kila unapopita, asubuhi, mchana na jioni, gonga jike mara ishirini hivi kwa nyundo ndogo. Gonga kama unayebisha hodi nyumba ya mkwe. Kazi ya mtikiso huo ni kufungua nyufa ndani ya kutu, na mafuta hujivuta yenyewe ndani ya ufa mwembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi.

Ongeza mafuta yakipungua. Kupungua ni habari njema: yanaenda mahali. Siku ya pili angalia chini ya jike. Ukiona jasho la rangi ya chai ya rungi linachuruzika kwenye ncha ya dume, mafuta yamepenya urefu mzima. Nikishaliona jasho hilo ndipo namruhusu mtu kushika nyundo kubwa. Kabla ya hapo hapana, hata kama mteja amepiga simu mara tatu.

Hatua ya 5: Tikisa

Chora mstari wa chaki ukivuka kutoka dume hadi jike, kwenye kila jozi. Rudisha kana mahali pake.

Sasa sukuma kana kushoto kwa uzito wa mwili, polepole, halafu kulia. Usirushe. Mtu wa pili ainame karibu na bawaba aangalie mistari ya chaki tu. Mwanzoni hutahisi kitu mkononi, lakini yeye ataona mstari umeachana kwa unene wa uzi. Unene wa uzi unatosha. Rudi upande wa pili, tia mafuta, endelea.

Onyo la kwanza: usiushike usukani kwenye ncha yake ya chini na kuusukuma pembeni. Hapo hauzungushi dume, unalipinda, na fashini ndiyo inayobeba mpindo huo.

Onyo la pili: kama jozi moja inacheza na nyingine imeganda, acha kusukuma. Mbao ya usukani inajinyonga kati yao. Rudisha jozi iliyoganda kwenye Hatua ya 4 usiku mwingine mmoja.

Umefanikiwa kana ikienda upana wa kiganja kila upande na mafuta yanatoka na unga wa kahawia. Mara nyingi mchezo unaishia hapa, na unaruka moja kwa moja hadi Hatua ya 7.

Hatua ya 6: Mshtuko, na kama hapana budi, moto

Kama siku ya tatu mstari wa chaki bado haujaachana, tumia nyundo mbili. Ile nzito uishikilie ikigusa ubavu mmoja wa jike. Kwa ile ya kilo moja piga ubavu wa pili, moja kwa moja kuelekea nyundo nzito. Nyundo nzito inameza kishindo ili fashini isikimeze. Mapigo mafupi, makali, kumi, kisha jaribu kana.

Usipige ncha ya dume kutoka chini. Najua inakuita. Ncha inapanuka kama uyoga, na dume lililopanuka chini halitapita kwenye jike hata kutu yote ikiisha. Nilifanya hivyo nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi, nikashinda siku mbili nikilipiga tupa.

Moto ni wa chuma cha kawaida peke yake, na ni wa mwisho. Kwanza toa udongo, osha mafuta yote kwa maji na sabuni ya unga, kausha, na ungoje mpaka pua isisikie harufu ya asetoni. Injini na dumu la petroli vitolewe chomboni, vipelekwe mbali upande upepo unakotokea. Funga matambara yaliyolowa chepechepe kwenye mikono ya bawaba na kwenye fashini, mtu mwingine akiyamwagia maji muda wote. Pamba ya kalafati ina mafuta. Cheche moja ikiingia itafukuta ndani bila wewe kujua, na utaamka usiku kukuta tezi inawaka.

Pasha pete ya jike kuizunguka yote, usilipashe dume. Tunataka tundu lipanuke kabla ya pini. Tundu la milimita 12 likipanda joto kwa nyuzi 200 linapanuka kama milimita 0.03, pungufu ya unene wa unywele, na unywele huo unatosha kuvunja mshiko wa kutu. Huna kipimajoto, kwa hiyo dondosha tone la maji juu ya pete. Likichemka na kukauka palepale, bado. Likirukaruka kama shanga bila kutulia, acha moto. Mbao ikitoa moshi umepitiliza.

Tochi ikishazimwa, gusisha mshumaa kwenye mpaka wa dume na jike. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani. Anza kutikisa kana wakati chuma kinapoa, maana kupoa nako kunasogeza vitu. Rudia mara mbili au tatu. Baada ya hapo hakuna faida.

Chuma kilichochovywa zinki usikipashe. Moshi wake mweupe utakulaza na homa na baridi kali usiku huohuo, na maziwa wanayokunywa mafundi wa kuchomelea hayauzuii. Faiba nayo usiipelekee tochi. Kwenye boti za faiba tumia drai ya saluni, na kipimo ni kiganja chako: usipoweza kukituliza juu ya faiba, joto limetosha.

Hatua ya 7: Inua

Weka jeki chini ya usukani, karibu kabisa na fashini, na kipande cha mbao juu yake. Ukiiweka mbali nyuma, usukani utainuka kisigino kwanza na dume litajikaba upande.

Panda jeki mpaka uone usukani umebeba uzito, basi. Jeki inashikilia tu. Kinachotoa ni kabari: ingiza mbili mbili kati ya bega la dume na uso wa jike, moja kushoto moja kulia, gonga kwa zamu. Jozi ya juu kidogo, ya chini kidogo. Kila baada ya mapigo machache tikisa kana, tia mafuta kwenye mwanya mpya, ongeza jeki kidogo.

Pima mwanya wa juu na wa chini kwa kitu kimoja, njiti ya kiberiti inatosha. Ikipita juu na chini isipite, simama urekebishe kabla hujaongeza pigo lolote.

Sauti itakuambia. Kelele ya mkwaruzo mkavu inamaanisha ongeza mafuta. Mlio mzito wa mbao unamaanisha acha sasa hivi.

Nusu ya mwisho hutoka kwa mkono. Watu wawili washike, mmoja afungue kamba, inueni wima.

Hatua ya 8: Bolti zilizogoma

Usukani ukishatoka, bawaba zenyewe hufunguliwa ukiwa umekaa kitako kivulini.

Anza kwa kukaza. Sogeza nati kidogo kuelekea kukaza, kiasi cha kusikia "kwe!", ndipo ulegeze. Kutu iliyozoea kubanwa upande mmoja inavunjika ukiisukuma upande wa pili. Ikianza kuja, robo mzunguko mbele na nusu ya robo nyuma, mafuta kila mara.

Bomba refu kwenye mkia wa spana tumia kwa adabu. Bolti ya milimita 10 iliyoliwa na kutu hukatika kirahisi. Mkono wako utajua: nati inayolegea inaachia kwa mikwaruzo, bolti inayokufa inakuwa laini kama mpira unaovutika. Ukisikia ulaini huo, simama, rudi kwenye mafuta.

Stenlesi ina tabia yake. Nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi ikizungushwa haraka na kavu, nyuzi zinapata moto na kulana hadi zinakuwa chuma kimoja. Usiifungue kwa mashine. Mkono, polepole, mafuta. Ikianza kupata moto, iache ipoe.

Bolti yenye kichwa cha duara ikizunguka bure ndani ya mbao, usihangaike nayo. Kata nati kwa msumeno kwa urefu wa bolti, kwenye uso wake mmoja, uishie kabla ya nyuzi, kisha ipasue kwa tindo. Grenda inafanya kazi hiyo dakika moja, ila kumbuka niliyosema kuhusu cheche.

Nati ikishatoka, shindilia bolti nje kwa punchi nyembamba kuliko bolti, na ubao wenye tundu upande wa pili. Ikikatikia ndani ya uzi wa chuma, piga alama katikati kabisa, toboa kwa 3, kisha 5, kisha 6.8 kama bolti ni ya milimita 8, 8.5 kama ni ya 10, au 10.2 kama ni ya 12. Kinachobaki ni ganda la nyuzi tu, linang'oka kwa ncha ya msumari. Alama ikikaa pembeni, utakula uzi wa upande mmoja, kwa hiyo chukua muda kwenye alama.

Kama umefanya yote na bado

Kata dume. Chomoa bapa la msumeno kwenye fremu yake, lifunge tambara upande mmoja, lipitishe kati ya bega la dume na jike, ukate. Mkono utauma. Usukani utatoka pembeni, kipande cha dume kitabaki ndani ya jike, na jike utalifungua kwenye fashini ukalimalizie kwenye jiliwa.

Wengi wanaliona hili kama kushindwa. Mimi silioni hivyo. Dume jipya fundi yeyote wa kuchomelea Mwanga anakutengenezea kwa kipande cha nondo laini na bapa.

Kabla ya kuurudisha

Safisha dume na ndani ya jike kwa msasa. Kama dume limeliwa kiuno, badilisha. Likicheza ndani ya jike kama jino bovu, wimbi litamalizia. Bolti mpya ziwe za chuma cha aina moja na bawaba. Nati za stenlesi kwenye bawaba ya chuma cha kawaida zinapendeza siku ya kwanza tu.

Paka grisi ya baharini, ile isiyooshwa na maji, kwenye dume, ndani ya jike na kwenye kila uzi. Grisi ya shaba ni nzuri kwa chuma, isipokuwa usiipake kwenye aluminiamu. Na kama una kile kipande cha chuma cha kafara kinachofungwa ili kiliwe badala ya bawaba, kwa maji yetu baridi omba cha magnesi. Cha zinki kimezoea chumvi. Ziwani hufanya kazi kidogo sana.

Usukani ukisharudi, geuza kana kwa vidole viwili kutoka ukingo hadi ukingo. Ikikwama mahali popote, ushushe tena leo hii, grisi ikiwa bado mpya. Chombo kikivutwa juu tena, mwachie kazi mlinzi wa mwalo: kila Jumamosi ageuze kana mara kumi kila upande na kutia mafuta juu ya kila jike. Kizuizi kipake rangi nyekundu.